Kiendelezi Nilichokiwasha

Jumatatu, 3 Juni
Bado ninachora ramani ya mashamba ya kijiji cha Njinjo. Programu inatunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Tangu Februari yamefika mia na kitu, mengi yangu, mengine ya kipuuzi. Aibu. Nimewasha kiendelezi, kijiprogramu cha ziada cha kufuta historia ya mabadiliko. Programu huja nacho kimezimwa; anayekitaka anakiwasha mwenyewe, mstari mmoja tu kwenye mipangilio. Zuhura, mwenzangu wa ofisini, kasema nisikiguse. Nikamcheka, mwoga yule. Kufika alasiri historia yote imebaki mstari mmoja, safi. Ramani nimeituma kijijini.

Jumanne, 4 Juni
Zuhura kanuna. Nakala yake ya ramani haikubaliani na yangu. Nimemwambia aifute achukue mpya. Hajafanya. Kiburi.

Alhamisi, 6 Juni
Simu kutoka Njinjo. Mjomba Hamisi, aliyenilea, kakatwa panga. Vidole viwili vya mkono wa kulia havipo. Jirani yake Bakari kaiona ramani mpya ofisi ya kijiji: mpaka umeuvuka mstari wa minyaa uliopandwa na baba zao, umeingia kwenye ufuta wa mjomba. Kaja na wanawe kuvuna. Mjomba kawakuta, kainua mpini wa jembe. Panga likashuka.

Jumamosi, 8 Juni
Binamu zangu, wana wa mjomba, wamelipiza. Bakari kavunjwa taya, nyumba yake imechomwa. Hawajatosheka. Wanasema alimpanga mtu achezee ramani, na Jumatatu baada ya adhuhuri wanamfuata zahanati alikolazwa kummaliza. Nawajua, hawatanii. Ningewaonyesha aliyesogeza mpaka. Siwezi. Fomu za karatasi tulizojaza wakati wa kupima mashamba ziliozeshwa na mvua za masika, na historia nimeifuta kwa mikono yangu. Kimbelembele changu! Nimepiga meza mpaka ngumi ikachubuka. Namchukia Bakari. Najichukia zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Mitwero, nyumbani kwa Zuhura. Hakuwahi kukiwasha kile kiendelezi, wala hakunitii. Kwake kila kitu kipo. Tumesoma badiliko moja moja. Machi, shamba la mjomba: mpaka umehamishwa kutoka kwenye minyaa. Jina langu. Na maelezo yangu: "Mpaka umepinda, nimeunyoosha."
Ulikuwa unaniudhi machoni kwenye skrini. Basi, hilo tu. Zuhura kaniletea maji, kisha kachapisha yote kwenye karatasi. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Juni
Basi la kwanza, karatasi mkobani. Nimefika Njinjo saa nne. Binamu zangu uani, wananoa mapanga. Nimempa mjomba shikamoo. Kaitika marahaba kwa sauti ndogo. Nimemsomea yote, pamoja na jina langu, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. Kunoa kukakoma.
Mjomba kautazama mkono wake uliofungwa bendeji. Kisha kaniuliza kama Bakari ameshaambiwa. Bado, nikasema.
Kanipa shati lake la Ijumaa nimvalishe. Nimemfunga vifungo, kimoja kimoja. Tumetoka, yeye mbele, kwenda zahanati kumwambia.