Kanga Uliyoninyang'anya Ghalani

Somoe, mtani wangu,

Chuoni nilifundishwa herufi ili nisome Kurani, si ili niwaandikie watu makaburini. Lakini jambo hili bado sijaweza kulisema kwa mdomo, basi nakuanzia wewe. Hutanijibu, na mara hii nashukuru, maana ulimi wako naujua.

Habari za Lindi ni hizi. Ndui imepungua. Bado tunaosha gundi ya sandarusi katika ghala lile lile, na magadi bado yanatuchubua mikono. Nafasi yako ameipata mdogo wako Asumini. Anakaa pale pale ulipokaa, anachambua gundi kama wewe, iliyo safi huku, yenye mchanga kule, na mpaka juzijuzi alikuwa akiimba vibaya kama wewe. Mtaani kwetu zimebaki nyumba tatu zenye kuti mlangoni, alama ya ndui. Wenyewe hawatoki, na kila asubuhi mtu wa jumbe anawawekea kizingitini kibaba cha mchele na samaki mkavu kutoka boma. Siku hizi hata sisi wanawake wa ghala tunapewa. Ndiyo, sisi! Amri ilibadilika baada ya matanga yako. Nilipoisikia ikitangazwa sokoni, nilikaa chini vumbini.

Unakumbuka ilivyokuwa mwanzo. Posho ya kukaa ndani ilikuwa ya wenye kipande cha kazi, wanaume wa barabara na wapagazi wa boma. Sisi tunaolipwa kwa kikapu hatukuwamo. Na njaa ya baada ya vita uliijua kuliko mimi. Ulishuka kutoka Kilangala na mama yako na Asumini, mashamba yenu yamechomwa, mmekula mizizi njia nzima. Siku yako ya kwanza ghalani uliniuliza watu wa kwetu ni akina nani. Nilipokujibu ukapiga kelele, "Kumbe mtani wangu huyu! Lete chakula!" Ukala muhogo wangu wote. Kisha ukayatazama makovu yangu ya ndui ya utotoni, ukasema mkate wa kumimina nao nimekuletea, upo usoni na vitundu vyake vyote. Nilikupenda siku ile ile.

Sasa nitasema.

Asubuhi ile mwanangu Salumu alikuwa na vipele tangu jana yake. Nilijua ni nini, alama zake ninazo mwenyewe. Ningetundika kuti tungefungiwa, na ndani kulikuwa na konzi mbili za mtama, na mume sina tangu vita. Sikutundika. Nilimwacha mtoto na bibi yake, nikajitupia begani kanga niliyomfunika nayo usiku kucha, kwa kuwa sikuwa na nyingine, nikaja kazini. Nilikaa mbali nawe kidogo. Nilidhani inatosha, mjinga mimi.

Ukaja kwa nyuma ukainyakua. "Hii yangu, mtani!" Ukajitanda, ukajifuta nayo jasho usoni, ukacheza. Wanawake wote wakacheka. Mtani akichukua kitu hadaiwi, ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Ningesema "nirudishie", wangeshtuka, wangeniuliza kulikoni, na jioni ile kuti lingekuwa mlangoni kwangu. Nikacheka. Somoe, nilicheka nawe, na nilikuwa najua.

Baada ya wiki mbili ukaanguka. Salumu alipona, nakuambia kwa aibu. Matangani mama yako aliniita mimi mtani wako nije nitanie, niigize unavyotembea ukitupa miguu nje, wafiwa wapate kucheka. Nilisimama mbele yao nikashindwa hata hatua moja. Wakasema ni uchungu. Mama yako akanikumbatia. Alinikumbatia, unasikia?

Na juzijuzi Asumini alinifanyia vile vile. Kwa nyuma, begani, "hii yangu, mtani!" Kanga ni mpya, nyumbani kwangu hakuna mgonjwa, nami nikapiga ukelele, nikaing'ang'ania mpaka ikachanika. Wanawake wote wakageuka. "Mtani hakasiriki," akasema. "Una nini wewe?" Tangu hapo haimbi. Kila asubuhi ananitazama, anasubiri nijibu.

Naogopa. Akida amesema aliyeficha ndui atachapwa viboko, lakini naogopa zaidi macho ya mama yako. Nimekuwa nikijiambia kwamba kile kibaba kingekuja mapema ungekuwa hai. Ni kweli. Lakini kanga ilikuwa begani kwangu, na mdomo ulikuwa wangu.

Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, nitakwenda kwenu. Nitawaambia mama yako na Asumini kama nilivyokuandikia, bila kupunguza. Wakinifukuza nitatoka. Wakinipeleka kwa akida nitakwenda. Na ndui ikirudi nyumbani kwangu, kuti nitalitundika kwa mkono wangu asubuhi hiyo hiyo, kuwe na kibaba, kusiwe na kibaba. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Pumzika, mtani. Mungu akulaze mahali pasipo njaa. Na lile neno ambalo sisi watani hatuambiani, nalisema leo, limechelewa, ghala zima na lisikie: nirudishie kanga yangu. Ivue, Somoe. Nirudishie.

Mtani wako,
Hadija