Kopo la Maziwa Chini ya Boneti

Jumapili, 16 Mei 2021

Nimetoka misa, nimevua shati jeupe, nimefungua boneti. Kopo limejaa kuliko wiki iliyopita. Oili nyeusi, na juu yake utando mzito kama maziwa ya mgando. Ni baridi ya Mushaki hiyo. Asubuhi moteri haijapata joto, maji na oili vinashikana. Nimemwaga, nimeosha waya wa kusugulia sufuria ulio ndani, nimefunga.

Vijana wa garaji wananicheka. Jeep ya tabo, muzee, na kopo la maziwa ya unga! Wacheke. Moteri ya tabo, yaani turbo inayoisukumia hewa, inapumua kwa nguvu, na pumzi yake ni mvuke wa oili. Tuyo, bomba la mpira lililokuja na gari, linaurudisha mvuke wote kwenye tabo, uliwe tena. Kwenye lami, sawa. Kwenye mlima wa Mushaki, na mzigo wa jibini na watu juu ya mzigo, tabo inalewa. Kopo langu linaupokea mvuke njiani. Oili inanasa kwenye waya na kubaki chini, hewa inatoka juu kupitia kichungi kidogo kilichosimama kama kidole gumba. Basi. Wao wamebadilisha tabo za watu wangapi? Yangu ni ile ile.

Kopo alilitoa mke wangu, Consolata. Ilikuwa wakati wa uasi, barabara zimefungwa, spea haziji. Nilimwomba kopo tupu. Hakuwa nalo. Akamimina unga wote wa maziwa ya mtoto wetu Solange kwenye bakuli, akanipa kopo. Waya wa sufuria niliuiba mwenyewe, na kelele za Consolata nilizisikia mwezi mzima. Unga ulianza kuganda, basi nyumba nzima tukanywa chai ya maziwa mpaka ukaisha. Sijanywa tena chai tamu vile.

Jumatano, 19 Mei

Innocent, kaka yake Consolata, amepiga simu kutoka Mushaki. Anamtaka mama yake.

Nilijua siku hii itakuja. Mama mkwe alishuka hapa Goma kumuuguza Consolata. Tukazika. Matanga yakaisha, hakuondoka. Hakuna aliyemwambia abaki, hakuna aliyemwambia aende. Solange yuko Uvira kwa mume wake. Sasa tuko wawili hapa mtaa wa Mabanga, mimi na nyirabukwe, ndiye mama mkwe, na majirani wana midomo. Kwetu mama hazeeki chini ya paa la mkwe wake. Anazeeka kwa mtoto wake wa kiume. Innocent ana haki, na amesema kwa heshima.

Sitaki aende. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema. Mkwe hamwambii nyirabukwe "baki". Mdomo haufunguki. Ni adabu tuliyonyonya na maziwa.

Yeye peke yake anaweza kuniambia kitu cha Consolata ambacho sikijui. Akienda, nitabaki na vile ninavyovijua tu. Na hivyo nimeshavirudia vyote.

Jumapili, 23 Mei

Mlima wa moto ulio juu ya mji umelipuka jana jioni. Anga nyekundu, watu wanakimbia huku na huku, wengine mpakani, wengine njia ya Sake. Nimewasha gari, nimezima, nimewasha. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mbele na rozari, mfuko mapajani. Alfajiri wakasema lava imesimama kule juu, haijafika mjini. Hatukuondoka.

Nimekumbuka mwaka 2002. Lava ilipita mjini mpaka ziwani. Consolata alikuwa na Solange mgongoni. Nikamwambia abebe kitu cha lazima kimoja, tukimbie. Tulipofika Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, nikafungua kitambaa chake: pasi ya makaa. Nyumba imeungua, nguo hatuna, pasi tunayo. Nilimtania miaka yote. Alikuwa anajibu kwamba mtu aliyenyoka hakosi kazi. Tulikuwa maskini kabisa na tulicheka sana. Sijui tulipata wapi kicheko kile.

Jumanne, 25 Mei

Ardhi inatetemeka bila kuchoka. Ukuta wa jikoni umepasuka. Majivu yanaanguka, membamba, yanaingia hata kwenye meno.

Mama anafunika kila kitu, kama kila mtu hapa mjini. Mapipa ya maji ya mvua, sufuria ya maharage, bakuli la kuku. Kila chenye mdomo kimefunikwa.

Nimetazama oili, maji, mikanda. Nimeacha boneti wazi, nimeenda kutafuta maji ya kunywa. Foleni ndefu. Niliporudi boneti ilikuwa imefungwa vizuri. Nikashukuru.

Innocent amepiga tena. Sasa hana haja ya kubishana na mtu. Mlima unabishana kwa niaba yake.

Alhamisi, 27 Mei

Amri imetoka asubuhi. Mabanga yote iondoke, na mitaa mingine mingi. Moto unaweza kutoka chini ya miguu yetu, wamesema.

Mama mbele. Nyuma, jirani yetu Mama Bahati na watoto wake, magodoro juu. Njia ya Sake imejaa mpaka ukingoni: pikipiki, mbuzi, wazee kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao, wanajeshi wa état de siège, hii sheria ya kijeshi, wanapiga filimbi na hakuna anayesikia. Gari linakwenda mwendo wa mtu anayechechemea. Mbele ya ziwa dogo la Lac Vert nikasikia harufu ya oili. Kidogo tu. Nikasema ni magari ya wengine.

Kufika Sake, jua linazama. Mama Bahati ana ndugu hapa, amebaki kwao. Sisi tumelala ndani ya gari, uwanja wa kanisa. Kesho napanda Mushaki. Nitamkabidhi Mama kwa mkono wangu mwenyewe. Nina hasira na mlima huu, nina hasira na Innocent aliye na haki.

Ijumaa, 28 Mei

Mkono bado unanuka oili. Niandike kama ilivyokuwa.

Tumeanza kupanda asubuhi. Kona za kwanza, sawa. Nikakanyaga, tabo ikaimba, kisha moshi. Mweupe nyuma, halafu mweupe mbele, unatoka kwenye boneti. Harufu ya oili iliyoangukia chuma cha moto. Nikazima hapo hapo. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikamteremsha Mama.

Nimefungua. Kijiti cha kupimia oili kimeruka nje ya tundu lake. Oili imetapakaa kila mahali. Nikajua tabo imekufa. Gari limekufa. Nikakaa kwenye jiwe. Gari hili ndilo chakula changu. Na tuko katikati ya mlima na mwanamke mzee, mahali ambapo mchana tu ndio wa serikali, usiku ni wa wenye bunduki.

Ndipo nikaona kopo. Kile kichungi cha juu kimevikwa kitambaa, kimekunjwa mara nyingi, kimekazwa na mpira wa tairi. Kazi safi. Hata sindano haipiti.

Moteri ilikuwa imezibwa pua. Kwenye tambarare ilivumilia. Kwenye mlima, tabo inasukuma, pumzi haina pa kutokea, ikatafuta njia: kwenye kijiti, kwenye mipira ya kuzuia oili, kwenye tabo yenyewe. Hata mtu angefanya hivyo.

Nikakumbuka boneti iliyofungwa vizuri.

Hasira ikanipanda. Lakini nyirabukwe hafokewi. Nikazunguka nyuma ya gari, nikapiga tairi teke. Kidole cha mguu kimevimba hadi sasa.

Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya moteri, mikono kwenye kanga.

"Papa Solange, ni mimi nilifunga. Niliona majivu inaingia mu ile kidomo. Nikasema, gari isikule majivu. Sikujua kama ni pale inapumuliaka."

Nilianza kufungua mpira. Kitambaa kikakunjuka mkononi, na chini ya oili nikaona maua ya njano. Kitenge cha Consolata. Kile cha ubatizo wa Solange. Nilidhani tulikitoa chote kwa masikini baada ya matanga.

"Nilikuwa nabakisha kipande," akasema. "Nilikuwa nalala nacho. Lakini majivu ilikuwa mingi, na gari njo kitu mutoto yangu alipendaka."

Nikageuza uso kwenye bonde. Nililia, sioni haya kuandika. Yeye pia. Kila mtu upande wake, kama inavyopaswa kati ya mkwe na nyirabukwe.

Lori la viazi likashuka, dereva wake ni mwenzangu wa zamani, tulipakia pamoja enzi za uasi. Akatoa kibidoni cha oili bila kuulizwa. Nikarudisha kijiti, nikajaza, nikaacha kichungi wazi, nikawasha. Moshi mwingi. Kisha mchache. Kisha tabo ikaimba, imekwaruza sauti kidogo lakini inaimba. Tumefika Mushaki polepole. Innocent alikuwa barabarani anangoja, amevaa koti la sherehe.

Jumamosi, 5 Juni

Mushaki ni pazuri na siwezi kupalalamikia. Majani, ng'ombe, ukungu. Mama ana wajukuu miguuni. Innocent amemwekea chumba: kitanda kipya, dirisha linalotazama zizi. Mtu mwema kabisa. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Nimefungua tuyo zote, nimeosha oili iliyoingia. Tabo iko salama. Kitambaa nimekifua kwa sabuni na majivu ya jiko, maua yanaonekana nusu. Nimempa Mama. Amepokea kwa mikono miwili.

Hapa juu ya kilima ndipo nilikuja kuposa. Baba yake Consolata alinikalisha nje kwenye mvua ili aone kama nitaondoka. Sikuondoka. Nilikuwa kijana, na mvua haikunihusu.

Jumanne, 8 Juni

Ruhusa ya kurudi imetoka. Nimepakia jibini. Nimefunga kamba, nimefungua, nimefunga tena. Nilikuwa napoteza muda, kila mtu aliona.

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Innocent kando yake. Nilikwenda kuaga, na maneno ya kuaga yakakataa kutoka. Yakatoka mengine.

"Mama, mi narudi Goma. Naomba turudi wote."

Innocent akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe anapanda ngazi. Hata mimi nilijiona hivyo. Nilingoja ardhi itetemeke.

Mama hakuinua macho kwenye maharage.

"Tangu matanga nilikuwa nangojea uniulize. Mutu hawezi kaa kwa mutu bila kuitwa. Kila asubuhi nilikuwa nafunga mufuko, nasema leo hatasema, basi niende. Halafu naufungua tena."

Kumbe. Muda wote huo. Mimi nimefunga mdomo kwa heshima yake, yeye amefunga mfuko kwa heshima yangu. Tumezibana pumzi wenyewe.

Innocent akauliza watu watasema nini. Alikuwa na haki, kama kawaida. Mama akamjibu kwamba watu hawajanyamaza tangu amezaliwa, na bado ameishi. Akasema atapanda kumsalimia kila nikija kuchukua jibini. Akamwaga maharage kwenye mfuko wake, akaomba asaidiwe kuingia mbele.

Jumapili, 13 Juni

Goma ipo. Majivu kwenye paa, ufa jikoni, kuku mmoja hakurudi. Nimefagia asubuhi yote.

Baada ya misa tulinywa chai uani. Yeye upande wake, mimi upande wangu. Gari lilikuwa mbele yetu, boneti wazi, likikauka. Akalitazama muda mrefu. Halafu akaanza kucheka peke yake.

Akasema Consolata alipokuwa mtoto alikuwa anaogopa magari kuliko nyoka. Lori likipanda Mushaki anakimbilia kwenye shamba la mahindi, anajifunika majani kichwani, hatoki mpaka kilima kinyamaze. Siku nilipokuja kuposa nilikuja na lori. Alikuwa mle mahindini. Baba yake aliniacha kwenye mvua kwa sababu walikuwa wanamtafuta binti.

Miaka yote nimeamini nilikuwa najaribiwa. Consolata hakuniambia hata mara moja. Alipanda magari yangu ujana wake wote, akalipenda hata hili, huku ameshika mlango kwa mkono wa kulia, na mimi nikadhani ni mazoea tu.

Nilicheka mpaka chai ikapoa. Mama akainuka akanipashia nyingine.