Sentensi Niliyoikata

Mwalimu,

Tangu tukuzike, zile karatasi zako za sayansi hapa kituo cha kuuzia majani chai naziandika mimi. Bado ni nusu ukurasa kila wiki, nabandika karibu na mizani, wakulima wasome wakingoja lori la kiwanda. Nimeandika kuhusu mvua ya mawe, na kwa nini umeme huonekana kabla ya radi kusikika. Walinisifu, nikaanza kujiona. Leo nina jambo zito, na sina mwingine wa kumwambia.

Wiki mbili zilizopita niliandika kuhusu mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. Nilieleza kwamba tukisugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, moto na moshi hupunguza vijidudu vilivyobaki mle ndani. Chini yake palikuwa na sentensi moja: maziwa yenyewe lazima yachemshwe kwanza. Karatasi ilikuwa imejaa. Nikaikata. Nilijiambia, nani hajui hilo?

Wewe hukubandika kitu bila kumsomea kwanza mtu aliye kwenye foleni, kisha umuulize, "Sasa ukifika nyumbani utafanya nini?" Tulikucheka, tukasema Mwalimu amestaafu lakini bado anasahihisha madaftari. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja na lori lilifika mapema. Nikabandika tu.

Kogo Tabitha, yule bibi mzee jirani yako, alisomewa karatasi hiyo na mtu pale. Akaona moshi wa kibuyu unatosha, akaacha kuchemsha maziwa, aokoe kuni. Sasa mjukuu wake Chepkirui, wa miaka minne, amelazwa hospitali, homa haishuki na magoti yanamuuma. Daktari anashuku maziwa mabichi. Majibu ya damu hayajatoka. Simu ikilia naruka.

Jana nilienda wodini kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kogo alinishika mkono, akanionyesha chupa ya dawa, akasema, "Wewe niandikie vile nitampatia hii. Yako nikisomewa ndiyo mimi naelewa."

Afadhali angenitukana. Nilimwita nesi amweleze kwa Kipsigis, nikasimama hapo mpaka akamaliza, halafu nikatoka nje nikalia. Mama huyu bado ananiamini, na mimi sijui kama nafaa kuaminiwa hata na nusu ukurasa.

Ile karatasi nimeibandua. Mpya iko hapa mezani, inaanza kwa kusema nilikosea, na jina langu nimeliweka juu kabisa. Nimeiandika mara tano. Kila nikiisoma naona mahali pengine mtu anaweza kuelewa vibaya, naongeza maneno, nafuta, naongeza tena.

Pumzika, Mwalimu. Ungekuwepo ungeipitia kwa kalamu yako nyekundu, nami ningelala. Nakuahidi kwamba Jumatatu nitaisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima kabla ya kubandika, hata dereva wa lori akipiga honi. Na ikihitaji kurasa tatu, nitabandika zote tatu.

Karani wako wa mizani,
Joyline