Nyama ya Siku Kumi na Nne

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujasoma zaidi niahidi kwamba kila neno litabaki siri, maana mimi ni karani wa takwimu na bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Kazi yangu ni kugawa madaftari ambamo kaya huandika kwa siku kumi na nne ilichokula na ilichotumia, na kaya moja kati ya kumi za mtaa wangu ikatokea kuwa ya kwao mchumba wangu, na kanuni inasema karani akikuta jamaa zake aseme ili kaya ibadilishwe, lakini nilinyamaza kwa sababu, nakiri kwa aibu, nilikuwa nimepata kibali cha serikali cha kumwona mchumba kila jioni. Basi mama mkwe, akijua msomaji ni mimi, akaandika nyama siku zote kumi na nne, na asali, na manukato, wakati binti yake ameniambia kwa kicheko kwamba walikula maharage mpaka wakayachoka. Nilipomuuliza mama kwa upole, akanijia juu: "Ulitaka nimwandikie mkwe wangu maharage? Mwanangu, mimi nina haya!" Nikaingiza nyama yote. Sasa kwenye chati ya ofisi, mstari wa matumizi ya kaya za mtaa huo, uliolala miaka kumi, umesimama wima, na mkuu wangu ameitisha vikao vitatu vya kuushangilia, "Wananchi wanakula, kijana!", vyenye chai na biskuti nyingi hivi kwamba mstari wa matumizi ya serikali nao unainuka. Ijumaa taarifa inakwenda kuchapwa, na mtaa ukionekana umeshiba, shule yake itaondolewa chakula cha mchana, na shemeji zangu watatu wadogo wanasoma hapo. Nikisema, namuumbua mama na kumkosa binti; nikinyamaza, watoto wanashinda njaa. Usipige simu ofisini. Nijibu nyuma ya ukurasa wa michezo, mkuu husoma michezo tu, na uniite Mkwe wa Nyama.

*

Mkwe wa Nyama,

Jina lako nimelificha vizuri, kwa kuwa hata hukuliandika. Pole, ila usijikinge kwa mama. Yeye aliandika uongo wa kukukirimu. Wewe ndiye uliyeugongea mhuri, ili upate pa kukaa jioni.

Kanuni uliyoikimbia ndiyo itakayokuokoa. Kesho asubuhi, kabla chai ya kikao cha nne haijamiminwa, mwambie mkuu: "Kaya ile ni ya wakwe zangu." Usiongeze neno. Daftari litafutwa lote, taarifa ya Ijumaa itasubiri, mstari utalala tena na shule itabaki na chakula chake; karani mwingine ataanza na kaya nyingine, na hakuna atakayeuliza kama nyama ilikuwepo. Karipio utapewa, lipokee, ni halali yako. Jumapili wapelekee wakwe kilo tatu za nyama, mle pamoja, bila daftari.

Ukikwama usiandike tena, karatasi zimeshakuponza. Njoo mlango wa nyuma wa gazeti, Jumanne kabla ya saa nne, ugonge mara mbili, useme umeleta maharage.