Tundu la Saba

4 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini magoti yanakupandisha ngazi za ngome bila kukutukanisha. Mimi mzima; kikohozi kimekwisha, ugomvi bado.

Wiki tatu nimo kwenye hifadhi ya nyaraka, napekua makaratasi ya ngome yako kwa ajili ya makala ya gazeti. Nimepata mchoro wa zamani. Nilipokuwa mdogo ulinibeba mabegani tukahesabu matundu ya mizinga, moja hadi sita, yote yakitazama bahari. Mchoro una saba. La saba linatazama mjini.

Kuna pia daftari la mkuu wa ngome. Mizinga ile haikuwahi kupiga meli hata moja ya adui. Ilipiga asubuhi moja tu, kupitia tundu la saba, makuli wa bandari walipogoma baada ya mwenzao kupondwa na shehena. Walikufa kumi na tisa. Jina la mpiga mzinga limeandikwa. Ni la babu yako.

Miaka yote hii, ukikarabati kuta zile, unawaambia wageni kwamba alizuia manowari tatu peke yake. Ulijua?

Mwanao

29 Machi

Mgomvi wangu, marahaba. Magoti yamenuna lakini yananibeba. Nawe ule, usishibe makaratasi.

Nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ndiyo kwanza nimeshika mwiko wa uashi, baba yangu akanipeleka ukuta wa nyuma akasema, "Ziba." Nikaziba kwa mawe na chokaa, tabaka tatu, mpaka mimi mwenyewe nisilione. Ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote na sijawahi kumwonyesha mtu. Manowari alizitunga baba. Siku wageni wakiwa wengi, mimi nilizifikisha tano. Najua umecheka.

Usichapishe bado. Sikuombi ufiche. Njoo kwanza, tulizibue pamoja, nami niwaambie watu mwenyewe. Ninaokunywa nao kahawa kila jioni ni wajukuu wa makuli wale. Wasiyasome gazetini kabla hawajayasikia kinywani mwangu. Nipe mpaka mvua ziishe tu. Ukuta ukilowa, ukigusa jiwe moja yanakuja yote.

Baba yako

17 Aprili

Baba, shikamoo. Pole na magoti.

Barua yako ilinikuta makala imeshakwenda gazetini, lakini bado haijachapwa. Ningeweza kupiga simu kuisimamisha. Sikupiga. Kila mwenye la kuficha huomba muda: watawala huomba muda, wezi wa kura huomba muda. Nusu ya maisha yangu nimewaandama watu wanaosema "bado". Ningekupaje wewe nilichowanyima wao? Na wale kumi na tisa wamesubiri kiasi gani?

Imetoka Jumapili. Nitakuja mvua zikiisha.

Mwanao

8 Mei

Baba, shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Magoti yakoje? Tukana basi, lakini niandikie.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu, marahaba. Mzima, namshukuru Mungu.

Makala nimeisoma, mtu aliibandika kwenye lango la ngome. Kahawa sasa nakunywa nyumbani. Hakuna aliyenitukana. Nikikaa, wao wanahama benchi. Ni mmoja tu, yule rafiki yangu kuli mstaafu, aliyeniuliza, "Na mimi ulikuwa unanihesabia sita?" Nikainuka, nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo nimeanza kuzibua peke yangu. Usipige kelele, najua mvua. Lakini nitawaambiaje watu waamini karatasi ilhali tundu lenyewe bado limezibwa? Nimetoa mawe yote isipokuwa moja kubwa la chini, ndilo bado limeziba tundu. Hilo ni lako. Njoo.

Baba yako

12 Juni

Baba, shikamoo. Hakuna wa kuitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusalimu kabla ya kusema.

Barua yako niliifungua baada ya kupigiwa simu. Ukuta wa pembeni ulikuporomokea wakati unafagia kifusi. Rafiki yako kuli ndiye aliyekufukua, kwa mikono. Kaburi lako wamelichimba wao, wajukuu wa wale. Nilianza kuomba msamaha. Rafiki yako akanikatiza: "Mama, hapa si gazetini. Shika koleo."

Kisha akaniambia jioni moja ulikwenda mpaka mlangoni kwake, ukasimama, ukarudi. Alikuona. Alikuwa anangoja ubishe hodi.

Leo nimelitoa jiwe langu. Nilichungulia nikidhani nitaona mji tu. Ninaona mtaa wetu, Baba. Ninaona bati la nyumba yetu, kamba ya nguo, na shati lako la kazi ambalo hakuna aliyelianua. Limenyeshewa, limekauka.

Nimehesabu kwa sauti, kama zamani. Saba.

Mvua zimekwisha juzi.

Mwanao