Lenta ya Engutoto

Jumatatu, 3 Machi
Uji, nepi, maji ya kumwogesha Eli. Mume wangu Loi katoka bila chai tena. Mafundi wake watatu hawajalipwa, anaona aibu wakipita wamkute anakunywa.
Mkataba wa nyumba anayojenga Engutoto hata mimi wa darasa la saba nauelewa. Msingi ukiisha, mwenye nyumba analipa. Lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ikiisha, analipa. Paa likiisha, analipa. Ya msingi alilipa, kwa kuchelewa sana. Ya lenta amegoma, eti ina ufa juu ya dirisha la sebuleni. Loi anasema ni lori la mchanga liligonga kona. Kesi Jumatano ijayo. Tutashinda, moyo wangu unaniambia.

Alhamisi, 6 Machi
Loi ananitaka niwe shahidi. Niseme tu kwamba mzee Elirehema, mwenye nyumba, alikuja kwetu Kimandolu siku ya ubatizo wa Eli akaisifu lenta mbele ya watu. Ni kweli. Alisema, "Fundi, hapo hata tembo apite juu!" Watu walicheka mpaka mtoto akaamka.
Nimefurahi kuombwa. Nimefua gauni la kitenge.

Jumatano, 12 Machi
Mahakama ya mwanzo. Shahidi anasubiri nje, kwa hiyo Loi alivyojieleza sikumsikia. Nilipoitwa niliapa, nikasema ya tembo. Wazee wa baraza wakatabasamu.
Kisha mzee akaruhusiwa kuniuliza. Nikamwamkia kwanza, shikamoo baba. Akaitikia vizuri tu.
"Mwanangu, una hakika ilikuwa siku ya ubatizo?"
Nikasema nina hakika, maana Jumamosi ya kuamkia ubatizo Loi alirudisha mbao za kukodi, akapata nafasi ya kunyoa.
"Mbao zipi, mama?"
Za lenta.
"Na zege mlimwaga lini?"
Jumatano ya wiki hiyo hiyo. Niliwapelekea makande mwenyewe. Nilijibu kwa sauti, nikidhani ananitega nisahau.
"Umesema kweli. Mungu akubariki."
Nikamtazama Loi. Alikuwa anaangalia viatu vyake.
Njiani akasema neno moja tu. "Niliwaambia wiki mbili."

Alhamisi, 13 Machi
Sasa naelewa. Zege la lenta linashikiliwa na mbao mpaka likomae, la sivyo linapasuka. Wiki mbili. Yeye alizitoa siku ya tatu.
Kodi ya mbao ni kwa siku, na hela ya msingi mzee alikuwa hajaitoa bado. Mbona hilo mzee hakuniuliza? Nilitaka kurudi nimwambie hakimu. Jirani anasema ushahidi ukishatolewa umetolewa.
Loi aliapa kwamba zilikaa wiki mbili, akadanganya. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mdomo wangu.
Hanisemeshi. Anambeba Eli, anamwimbia Kimaasai, anamrudisha mgongoni kwangu kama anatua mzigo.

Jumapili, 16 Machi
Nimeomba. Labda hakimu ataona na kosa la mzee. Labda watagawana.

Ijumaa, 21 Machi
Hawakugawana. Awamu ya pili hailipwi mpaka lenta ivunjwe ijengwe upya kwa gharama ya fundi. Nilinyoosha mkono niseme habari ya mzee kuchelewesha. Karani akaniambia keti, dada.
Mafundi wawili wamechukua vifaa vyao na toroli letu. Wa tatu hakuja hata kudai.
Nimelia chooni, Eli asinione.

Jumatatu, 24 Machi
Loi aliondoka na nyundo kubwa. Nilimfuata Engutoto, mtoto mgongoni. Hakunifukuza.
Akapanda, akaanza kuvunja. Mimi chini nikatenga nondo, zile zinazonyooka zitumike tena. Mvua ikapita kidogo, ikaacha. Saa tano nikamnyonyesha Eli juu ya tofali, nikarudi kuokota.
Kama saa saba nyundo ikanyamaza. Nikainua macho. Alikuwa ananiangalia.
"Mama Eli, sogea. Zege litakuangukia."
Nikasogea.