Ardhi Mpya Ndani ya Beseni

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimeosha vyombo, nimefungia kuku, nimesoma ule ukurasa wa bandari kwenye kitabu cha Jiografia mara ya tatu. Wanamwaga mchanga baharini mpaka panakuwa nchi kavu, kisha wanaweka kreni juu yake. Sielewi. Ardhi inatengenezwaje? Mimi wa huku Yamumbi, bahari yenyewe sijawahi kuiona.

Leo Madam Nekesa, mwalimu wetu wa Jiografia, amesema kila mtu atengeneze mfano wa bandari inayopanuliwa. Atakayeeleza vizuri zaidi ataenda Mombasa kuiona ya kweli. Nafasi ni moja kwa darasa zima. Naitaka sana. Shida ni kusimama mbele ya watu.

Jumatano, 14 Mei
Nimeanza. Beseni la bluu la Mama, maji, chumvi pakiti nzima. Udongo nimeutoa shambani nyuma ya nyumba, ule mwekundu, mzito. Bora kabisa. Nimeushindilia pembeni mwa beseni na kupanga maboksi ya kiberiti juu. Hayo ndiyo makontena. Imependeza.

Alhamisi, 15 Mei
Uji. Bandari yote imekuwa uji. Makontena yanaelea.

Mama amekuja kutafuta beseni lake. "Yaani umechota udongo wa mahindi ukautupa kwa maji?" Akacheka. Kisha akainama, akaangalia vizuri. "Na hao watu, wakishamaliza hiyo ardhi yao, wanapanda nini?"

Nikamwambia hawapandi kitu. Ni ya kuweka mizigo.

"Ardhi yote hiyo, hata sukuma wiki hakuna." Akaenda zake.

Nilidhani udongo mzuri ni mzuri kila mahali. Mjinga mimi.

Jumamosi, 17 Mei
Jirani anajenga. Nimemwomba mchanga na kokoto. Kokoto kwanza, kama ukuta, halafu mchanga nyuma yake. Imesimama!

Lakini kuna jambo. Upande wa pili wa beseni nilikuwa nimesimamisha vijiti vyenye majani, viwe mikoko. Maji yalichafuka nilipomwaga mchanga, na sasa majani yamefunikwa na matope laini. Matope hayo sikuyaweka mimi. Yameenda yenyewe. Nimekaa nikiangalia mpaka ugali ukapoa. Kitabu kinasema samaki wachanga hukua kwenye mikoko. Hakisemi matope yanaenda wapi.

Jumanne, 20 Mei
Vibaya.

Kipchumba, ninayekaa naye dawati moja, alitangulia. Bandari yake ni ya mbao, imepakwa rangi, haina hata tone la maji. Akaongea kama mtangazaji wa redio.

Zamu yangu nikamwaga mchanga kwa haraka. Maji yakafurika, yakalowesha viatu vya Madam. "Tsunami ya Yamumbi," mtu akasema nyuma. Darasa likacheka. Nilichoweza kusema ni: angalieni mikoko. Wakasogea. Wakainama juu ya beseni.

"Kwa bahari ya kweli, hayo matope yanaishia wapi?" Madam akauliza.

Nikasema sijui. Nikakaa. Nilikuwa na mengi ya kusema.

Jumatano, 21 Mei
Nafasi amepewa Kipchumba. Nimelia chooni. Namchukia.

Simchukii. Aliongea vizuri. Mimi sikuongea.

Ijumaa, 23 Mei
Wakati wa mapumziko Kipchumba alibaki darasani. Akageuza kalamu mkononi, akasema, "Sasa wewe, nikifika huko niulize nini? Mimi najua kupaka mbao rangi tu."

Nikadhani ananicheka. Hakuwa anacheka. Nikamwandikia kurasa mbili za maswali. Mchanga unatoka wapi. Unakaa muda gani kabla ya kubeba kreni. Matope yanatulia wapi, na wavuvi wa upande huo wanasemaje. Alizisoma zote, akazikunja, akaweka mfukoni mwa shati.

"Nitaleta majibu. Na maji ya bahari kwa chupa, uonje."

Jioni nimemwaga maji ya beseni kando ya barabara, mbali na shamba, kwa sababu ya chumvi. Nimelisugua, nimelirudisha kwa Mama. Nilipomwambia kuhusu kurasa za Kipchumba, akaniuliza kama swali lake, lile la wanapanda nini, nililiandika.

Nililiandika. Liko la kwanza.